Kungoja Bahari Itulie Si Aibu

Wengi wetu tuliozaliwa huku Dodoma twaijua bahari kwa ramani tu. Nami nilikuwa hivyo mpaka likizo ya mwezi wa sita mwaka jana, baba alipotuchukua mama, mdogo wangu na mimi kwenda kupumzika Unguja. Tulishuka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, na asubuhi ya pili tukapanda boti.

Ndani ya bandari maji yalikuwa matulivu kama ya bwawa la Hombolo. Tulipotoka nje tukakutana na kusi. Boti ilipanda na kushuka, mizigo ikateleza, na watumishi wakapita wakigawa mifuko ya kutapikia. Mama alijifunika kanga usoni asione maji. Mdogo wangu aliniuliza kama tutafika, nami nilishindwa kumjibu. Hata hivyo tulifika salama, na siku nne tulizocheza katika mchanga mweupe wa Nungwi sitazisahau.

Lakini jambo linalonifanya niandike lilitokea siku ya kurudi. Bandarini tuliambiwa kwamba kwa sababu ya upepo mkali boti haitaondoka mpaka kesho. Abiria wakakasirika. "Tumelipa nauli!" walipiga kelele, na baba alikuwa miongoni mwao, kwa kuwa fedha zilikuwa karibu kwisha na kazini alitakiwa. Hata mimi nilinung'unika. Mama peke yake alikaa juu ya begi akasema, "Baba watoto, kwetu korongo likijaa si huwa tunangoja?" Baba akanyamaza.

Maneno yale ni ya kweli. Makorongo yetu hukaa makavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha hujaa mara moja, na dereva mwenye akili husimama ukingoni mpaka maji yapungue. Hakuna amwitaye mwoga. Reli ya zamani nayo imesombwa na mafuriko mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikangoja. Mbona basi tukifika baharini, mahali tusipopajua, twataka kumfundisha nahodha kazi yake? Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tusidhani kwamba hatari hiyo ni hadithi. Tarehe 18 Julai 2012, katika majira hayo hayo ya kusi, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Kabla yake, Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikienda Pemba ilizama usiku upande wa Nungwi, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria. Watu 228 walikufa.

Yuko atakayesema kwamba kungoja kunamgharimu mtu chakula na malazi. Ni kweli, sisi siku ile tulishindia mihogo. Kwa hiyo wenye vyombo na wasikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa, watangaze mapema, na tiketi ya leo ikubaliwe kesho bila malipo mengine. Lakini sisi abiria nasi tuna wajibu: tusilazimishe chombo kiondoke, wala tusipande kilichokwisha jaa.

Na tuanzie hapa hapa shuleni. Siku ya kufunga shule twagombania basi lililojaa, hata wengine hukaa juu ya masanduku mlangoni. Muhula huu ukiisha, mimi nitangoja basi la pili. Nani atangoja pamoja nami?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne