Mzee Yu Hai: Majibu kwa Wanaopinga Kwenda Kortini Kuomba Ulezi

Baba akipigwa na kiharusi kikali, au mama akianza kuwasahau wanawe mmoja mmoja, ukoo hukutana mara moja. Kikao cha kwanza huwa cha hospitali na michango. Cha pili ni cha pesa: pensheni inaingia benki na hakuna wa kuitoa, kodi ya vyumba vya kupangisha inabaki kwa wakala, na dawa zimekwisha. Hapo mmoja akisema twende mahakamani tuombe mtu ateuliwe mlezi wa kisheria, sauti hupanda. Nimekaa katika vikao vya namna hii hapa Kenya, vya kwetu na vya marafiki, na maneno ya kupinga huwa yaleyale. Nayajibu kwa sababu tukiyakubali anayeumia ni mgonjwa.

"Mkewe yupo, korti ya nini?" Ndoa haimpi mtu saini ya mwenzake. Akaunti iliyo kwa jina la mume ni ya mume, na hata ile ya pamoja, ikiwa masharti yake ni saini mbili, hukwama saini moja ikikosekana. Nilimsindikiza shangazi yangu benki, mumewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mzee alipewa kalamu, akaitazama, akamrudishia karani kwa adabu na kumwambia asante. Karani akanong'ona kwamba shangazi angeweza kukishika kidole gumba cha mumewe, akakichovya kwenye wino na kukikandamiza kwenye fomu. Shangazi alikataa, akatoka na mgonjwa wake bila hata shilingi, na alifanya sawa. Alama ya kidole cha mtu asiyejua anachokikubali si idhini yake. Leo itatumika kutoa pesa za dawa, kesho itatumika kwenye karatasi za kuuza shamba.

Ndugu yake hoja hiyo ni "PIN yake ya M-Pesa tunayo." Najua wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, kununua nepi za watu wazima na kumlipa dada anayemtunza mgonjwa. Lakini pesa zinazotoka hivyo hazina hesabu. Miaka miwili baadaye, ndugu aliyekuwa mbali akiuliza zilikwenda wapi, yule aliyekesha na mgonjwa ndiye atakayeitwa mwizi, na hatakuwa na karatasi ya kujitetea.

"Wakili atuandikie tu hati ya kumruhusu mmoja wetu atie saini kwa niaba ya baba." Neno hili mara nyingi hutoka kwa walio ng'ambo, na si la kupuuzwa, maana wanayoyaona huko ni ya kweli. Uingereza, mtu mwenye akili timamu anaweza kuandika hati ya uwakilishi inayoendelea kufanya kazi hata baada ya akili yake kudhoofika, mradi imesajiliwa. Hapa kwetu hati ya kawaida ya uwakilishi inasimama juu ya uwezo wa aliyeitoa. Uwezo huo ukiondoka, nguvu ya hati nayo huondoka. Na hata huko Uingereza, hati hiyo huandikwa kabla. Mtu ambaye hajui tena leo ni siku gani hawezi kumpa yeyote mamlaka, Nairobi wala London. Basi kama mzee wenu angali anajielewa, ketini naye sasa aseme anachotaka, na wakili awepo. Kama hajielewi tena, njia iliyobaki ni mahakama.

"Barua ya chifu inatosha." Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Barua ya chifu inayoorodhesha warithi tunaijua kutoka kesi za mirathi, na mirathi ni ya mtu aliyefariki. Mlezi huteuliwa kwa ajili ya mtu aliye hai, na mamlaka yake hukoma siku mgonjwa anapokufa. Kuanzia hapo Sheria ya Urithi inashika usukani, na aliyekuwa mlezi hupanga foleni na warithi wenzake.

Hofu ninayoiheshimu kuliko zote ni hii: "Atakayeteuliwa ataimeza mali yote." Inatokana na mambo yaliyotokea katika koo nyingi, na anayeitoa kwa kawaida ana jina la mtu moyoni. Ila tuangalie mlezi anapewa nini hasa. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, Sura 248, iliyotungwa 1989 na kurekebishwa 2022, anayesimamia mali ya mgonjwa hapati umiliki wa chochote. Hati miliki inabaki kwa jina la mzee. Hawezi kuuza shamba, kuligawa wala kuliweka rehani mpaka arudi kwa jaji, aeleze sababu, apewe ruhusa. Anatakiwa apeleke mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali na madeni yote. Amri za mahakama kwa kawaida humpa miezi sita. Kisha kila mwaka hutoa hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jamaa akiona hesabu haziendi, anaweza kulalamika mahakamani, na mlezi akaitwa ajieleze au akaondolewa. Sasa linganisha na yule anayeshika kadi ya benki na PIN bila kuulizwa na mtu. Ni nani kati ya hao wawili aliye na nafasi ya kumeza? Anayeogopa wizi ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kwenda kortini. Na kama hamumwamini mmoja, ombeni wawili wateuliwe pamoja, jambo ambalo majaji wamelikubali mara nyingi.

Kuhusu "kifungua mimba ndiye mwenye haki," jibu ni fupi. Sheria inamtafuta jamaa wa karibu au mtu mwingine anayefaa. Haitaji mtoto wa kwanza, wala haimfungii mlango binti aliyeolewa. Jaji atataka kujua ni nani anayeishi na mgonjwa, nani anayempeleka kliniki, na ndugu wengine wamekubali au la. Ndiyo maana hati za kiapo za kukubali, zenye saini za wanafamilia, huambatishwa kwenye ombi pamoja na ripoti za madaktari.

"Mnataka kumtangaza baba mwendawazimu." Maneno haya yanachoma, na mara nyingi mama ndiye huyasema huku akilia. Kwanza, aibu ya hadharani inayoogopwa ni ndogo kuliko tunavyodhani: katika kesi hizi uamuzi unapochapishwa, mgonjwa kwa kawaida hutajwa kwa herufi za mwanzo za majina yake tu. Pili, jina la ugonjwa peke yake halimfanyi mtu awekewe mlezi. Ripoti ya daktari inayosema "ana dimensha" na kuishia hapo ni ripoti dhaifu. Inatakiwa ieleze ni jambo gani mgonjwa hawezi tena kulielewa au kuliamua. Aliyepooza mkono na mguu lakini akili yake iko sawa anahitaji msaada wa kutia saini, hahitaji mlezi. Jaji naye anaweza kutaka kumwona mgonjwa mwenyewe, amuulize jina lake, watoto wake, na kama anajua kwa nini wako pale.

Lipo dai moja ambalo nalikubali kwa sehemu kubwa, ingawa halisikiki sana vikaoni: kwamba ulezi unaweza kumnyang'anya mtu sauti yake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 12 kinadai mtu asaidiwe kuamua kabla ya wengine kumwamulia. Marekani, mwimbaji Britney Spears alikaa chini ya usimamizi wa mahakama tangu 2008 hadi Novemba 2021, na kwa miaka mingi ya kipindi hicho alikuwa akifanya maonyesho na kuingiza pesa. Hatari hiyo ipo hata hapa, hasa pale watoto wanapoomba mamlaka juu ya kila kitu kwa sababu mzee amekuwa msumbufu au anataka kuoa tena.

Dawa yake imo katika ombi lenyewe. Ombeni kile tu kinachohitajika. Kama tatizo ni akaunti na kodi za nyumba, ombeni usimamizi wa hizo, na mwacheni mzee aamue atalala wapi na nani amwogeshe. Andikeni katika hati ya kiapo mambo anayoyaweza bado: kwamba anawatambua wajukuu, anachagua nguo zake, na amesema mara kwa mara anataka kubaki shambani kwake badala ya kuletwa mjini. Na akipata nafuu, kama wanavyopata baadhi ya waliopigwa na kiharusi, rudini kwa jaji na ripoti mpya ya daktari mwombe amri ifutwe.