Neno la Mhariri: Namba Mbili Zisizo Tasa

Andika 18,446,744,073,709,551,615 ubaoni, darasa zima litaguna. Ndizo punje za ngano zilizomfilisi mfalme katika kile kisa cha sataranji: punje moja chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, hadi cha 64. Kisa ni kitamu, ila kimetuzoesha vibaya. Tunaistaajabia namba kwa urefu wake tu, kama anayemsifia ng'ombe pembe asiulize maziwa.

Ipasue uone ilivyo laini. Ni 2 kwa kipeo cha 64, toa 1; yaani tofauti ya namba mbili za mraba, kwa hiyo inaachana yenyewe: 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ile ndogo nayo ni 65,535 mara 65,537. Kisha 65,535 ni 255 mara 257, na 255 ni 15 mara 17. Hiyo 15 mwachie mtoto. Inayogoma ni 4,294,967,297 peke yake. Fermat aliamini ni tasa, mpaka mwaka 1732 Euler alipoonyesha kuwa 641 inaigawa bila baki.

(Neno “tasa” lenyewe sijawahi kulikubali sana. Namba tunazoziita tasa ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishana.)

Sasa pandisha kipeo hatua tatu tu: 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Unapata 147,573,952,589,676,412,927, tarakimu moja zaidi. Lakini 67 haigawanyiki, na ule ujanja wa miraba hauna pa kushika. Mersenne aliitangaza tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 Lucas akathibitisha kwamba siyo, bila kutaja kigawo hata kimoja, kama mtu anayejua nyumba ina watu asimwone yeyote. Vigawo vilipatikana mwaka 1903. Inasimuliwa kwamba Frank Nelson Cole alisimama ubaoni mbele ya wanahisabati wenzake huko New York, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287 kimya kimya, akarudi kukaa huku ukumbi ukimpigia makofi. Kazi hiyo, inasemekana, ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Kuihakiki ni kazi ya jioni moja. Anza mkiani: 721 mara 287 ni 206,927, na namba yetu inaishia 927 kweli. Kuzidisha ni rahisi. Kurudi nyuma ndiko kunakotesa, na juu ya pengo hilo zimejengwa kufuli za siri za RSA.

Ndiyo maana hatukuwaomba waandishi wa toleo hili watuletee namba ndefu kuliko zote. Tuliwaomba wazipasue. Nawe msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa pili, chukua kalamu uijaribu 2,047: ni 2 kwa kipeo cha 11, toa 1. Hiyo 11 ni tasa. 2,047 je?