Pampu ya Kwenye Fremu: Usiinunue kwa Macho

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea pampu ya baiskeli, ile ndefu inayopachikwa kwenye fremu. Najua kuna atakayecheka: bwana shamba kaishiwa mada! Cheka kwanza, halafu soma, maana hili somo limemgharimu kijana mmoja ninayemhudumia, na kosa lilianzia kwangu.

Kijana huyu anafuga ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi anapakia lita 40 kwenye karia, anaendesha kilomita 14 hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Njia yetu ina miiba ya migunga, pancha ni jambo la kawaida. Nilimshauri mwenyewe asitoke bila viraka, gundi na pampu. Akaniuliza, "Pampu gani, bwana shamba?" Nikamjibu kwa haraka, "Yoyote tu, mradi inajaza upepo."

Akanunua ya plastiki, inang'aa, ina na kisaa kidogo cha kupimia upepo. Wiki chache baadaye akapata pancha katikati ya pori. Kuziba hakukumsumbua, dakika kumi tu kiraka kimekaa. Tatizo likawa kujaza. Anasukuma mpini, upepo unatokea juu, pale mpini unapoingilia. Tairi halinyanyuki. Akasukuma baiskeli na mzigo wake kilomita 5 hadi kwa fundi. Ng'ombe alikamuliwa saa 11 alfajiri, maziwa yakafika kituoni saa 4 na nusu, jua limeshawaka. Wakapima kwa alkoholi, yakaganda. Yakarudi yote.

Jioni akanipigia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, si ulisema yoyote?"

Tangu siku hiyo nimebadilisha msimamo, na ndio ninaoutetea hapa: kama biashara yako inapita juu ya magurudumu mawili, pampu ni kifaa cha kazi sawa na bomba la kupulizia dawa. Inunuliwe kwa mtaji wa shamba, kwa kuijaribu, siyo kwa chenji iliyobaki baada ya kununua vocha.

Mbona fundi yupo?

Hii ndiyo hoja ninayoisikia sana. Ni kweli, fundi yupo, tena ana pampu kubwa ya kukanyagia chini. Lakini yupo senta. Mwiba haukusubiri ufike senta. Na saa 12 asubuhi, wakati wewe uko njiani na maziwa au tenga la nyanya, fundi mwenyewe hajafungua.

Wengine wanasema wana pampu ndogo ya kuweka kwenye begi. Sikatai, ila tupige hesabu. Tyubu ya tairi la 28, lile la baiskeli zetu za mizigo, ili ifike psi 50 inameza kama lita 8 za upepo wa kawaida. Pampu ya fremu yenye upana wa ndani wa sentimita 2, mpini ukienda sentimita 30, inaingiza chini kidogo ya mililita 100 kwa kila mpigo. Hapo ni mipigo 90, na kwa kuwa hakuna pampu isiyopoteza kidogo, weka mia na ushee. Sasa chukua pampu ndogo yenye upana huohuo, mpini unaenda sentimita 10 tu. Zidisha mara tatu. Mipigo mia tatu juani na maziwa yanakungoja, utaweza? Wengi huishia kwenye upepo nusu, wanapanda hivyohivyo.

Upepo nusu chini ya mzigo ni hasara nyingine. Rimu inaibana tyubu ikigonga jiwe na kuitoboa matundu mawili. Tairi linateleza kwenye rimu na kung'oa shingo ya valvu, na hiyo haizibiki kwa kiraka. Baiskeli inakuwa nzito kama inavutwa nyuma.

Nene siyo lazima iwe bora

Dukani wengi hukimbilia pampu nene, wakidhani inajaza fasta. Mwanzoni kweli inajaza fasta. Lakini tairi likianza kukaza, unene unageuka adui. Kwenye psi 50, pampu yenye upana wa ndani wa sentimita 2 inakutaka usukume kwa nguvu ya kama kilo 11. Ya sentimita 3 inataka kama kilo 25. Mtu amesimama barabarani, ameinama, mkono mmoja umeshika mpira wa pampu, hizo kilo 25 atazirudia mara ngapi? Kwa baiskeli ya mizigo mimi napendelea nyembamba na ndefu.

Mambo matano ya kujaribu kabla hujatoa hela

Nenda dukani na baiskeli yako. Muuzaji akikuona unajaribu asikutishe, hela ni yako.

Kwanza, ziba tundu la kutolea upepo kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Lazima ugome na ukuachie ukirudi nyuma kama springi. Ushikilie ukiwa umeukandamiza, hesabu mpaka kumi. Ukizama polepole hadi mwisho, upepo unavuja ndani. Iache hapohapo kaunta. Kijana wangu angefanya hili moja tu, asingerudi na maziwa.

Pili, fungua kifuniko cha juu, vuta fimbo yote nje, uangalie washa. Hapa mnajua kuliko mnavyodhani, kwa sababu ni kazi ileile ya washa ya bomba la dawa: ikikauka au ikichanika, unapampu na hakuna kinachotoka. Washa ya ngozi ni nzuri kwa mazingira yetu. Ikikauka unaipaka mafuta, unaitanua kidogo kwa vidole, inarudi kazini. Ya mpira nayo inafanya kazi vizuri, ila usiipake mafuta ya injini, maana mafuta hayo huvimbisha mpira wa kawaida na kuuharibu. Muulize muuzaji kama washa zake zinauzwa peke yake. Kama pampu imegundishwa haifunguki, siku washa ikifa na pampu imekufa.

Tatu, angalia nyuzi za kufungia, yaani zile za kifuniko na za mpira wa pampu. Za chuma zinavumilia kufungwa na kufunguliwa. Za plastiki laini zikishalika mara moja, basi. Tazama na fimbo: iwe imenyooka, isicheze sana kushoto na kulia. Fimbo nyembamba inapinda siku ya kwanza unayosukuma kwa hasira.

Nne, funga mpira wa pampu kwenye valvu ya gurudumu lako, palepale dukani. Baiskeli zetu nyingi za mizigo zina valvu ya zamani, ile yenye kijimpira ndani. Nyingi za milima zina valvu nene kama ya gari. Zile za mashindano zina nyembamba yenye kinati cha kulegeza kwenye ncha. Pampu iliyofungwa kwa nene haitakamata nyembamba bila kiunganishi. Usikubali kuambiwa "itaingia tu." Na kama valvu yako ni ya kijimpira, nunua vijimpira viwili vya akiba uvifunge kwenye karatasi. Mara nyingi mtu analaumu pampu kumbe kijimpira kimechanika.

Tano, ipachike kwenye fremu. Baiskeli nyingi za 28 zina vishikio viwili vilivyochomelewa kwa ajili ya pampu, na pampu huuzwa kwa urefu tofauti. Ikiwa fupi itadondoka kwenye rasta, ikiwa ndefu haiingii. Zipo pia zenye springi, zinajibana zenyewe kati ya bomba mbili za fremu. Baiskeli isiyo na vishikio inahitaji pampu yenye kibano chake cha kufunga kwa skrubu. Ikishakaa, itikise baiskeli. Ikigonga, zungushia kipande cha tyubu kuukuu, kazi imekwisha.

Kile kisaa cha upepo je? Kwangu mimi ni pambo mpaka pampu ishinde majaribio hayo matano. Kipimo kizuri kwenye pampu inayovuja kitakuonyesha vizuri tu kwamba huna upepo. Kiwango cha tairi lako kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Kisome, usikipite, na kumbuka gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo, kwa hiyo lisiachwe laini.

Wezi na vumbi

Kuna hoja moja naiheshimu: pampu ya kwenye fremu inaibiwa kirahisi. Ni kweli, na sina dawa zaidi ya kuichomoa ukifika sokoni na kuingia nayo. Unavyochukua simu ndivyo uchukue pampu. Nimesikia watu wakinunua mbovu makusudi ili ikiibiwa wasiumie. Sasa mwizi asipoiiba, wewe umebaki na nini?

Vumbi nalo linaua pampu kimyakimya. Mchanga ukiingia ndani unasaga washa. Ipachike tundu likitazama chini, mpira wake uuhifadhi ndani ya mpini kama imetengenezewa nafasi hiyo, na mara moja kwa mwezi ifungue, futa, paka mafuta yanayofaa washa yake. Ni dakika tano, fanya siku unayosafisha bomba la dawa.

Bei? Sitakutajia, kila soko lina bei zake. Piga hesabu hii mwenyewe: chukua mzigo wako wa siku moja, uuzidishe kwa bei unayouzia. Kisha ulizia tofauti kati ya pampu nzuri na ile mbovu pale dukani. Weka namba mbili hizo kwenye daftari lako la shamba, moja juu ya nyingine, uamue.

Yule kijana tulienda naye dukani wiki iliyofuata. Tulijaribu pampu nne, tatu hazikufika hesabu ya kumi. Ya nne haikuwa na rangi ya kuvutia: ya chuma, nyembamba, washa ya ngozi. Ndiyo anayotumia hadi leo, na washa ameshabadilisha mara moja. Nami siku hizi mtu akiniuliza pampu gani anunue, simjibu njiani. Namwambia aje na baiskeli yake, twende wote.