Mnene Mwenye Hasira Hajakosa Adabu

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ianze kuwawekea watu puto tumboni ili wapungue, kuna hukumu inayosikika saluni, vijiweni na hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya: mnene hana uwezo wa kujizuia. Ana pupa mezani na hasira ziko puani, kwa hiyo hata akikatwa utumbo atarudi kulekule. Hukumu hii ni uonevu, na inawafanya wagonjwa waogope kwenda hospitali.

Tuitazame hiyo hasira. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kujitolea kwa takribani miezi sita. Walikuwa wazima wa afya, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao. Watu wa amani hasa. Njaa ilipowakolea wakaanza kugombana kwa vitu vidogo, kulamba sahani na kusoma vitabu vya mapishi kama msahafu. Hakuna aliyewaambia kwamba wamelelewa vibaya. Sasa mtazame mama aliyetoka dayati hii akaingia ile kwa miaka, leo maji ya ndimu, kesho ndizi mbili kutwa nzima. Akifika kwa daktari wa upasuaji akiwa mkali, mnashangaa nini?

Kujinyima kwenyewe kunapigana na mwili. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2011 kwamba hata mwaka mmoja baada ya mtu kupungua kwa dayati, homoni inayochochea njaa ilikuwa bado juu. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko huo, ikiwemo sehemu inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Wanaouita njia ya mkato ya wavivu hawajui kinachokatwa.

Halafu kuna sisi wenyewe. Panda daladala jioni, abiria wamebanana, umsikie konda: "Bonge, we lipa nauli mbili, umekula siti ya mwenzio." Watu wanacheka. Dada wa watu anatazama dirishani, kimya, mkoba ameukumbatia kifuani ili apunguze nafasi anayochukua. Anameza hivyo kila siku, na siku atakapojibu tutasema wanene wana hasira! Tena wengi wao hukatika pumzi usingizini, wakaamka asubuhi kama hawakulala. Nani asingekuwa mkali?

Sikatai kwamba wapo wenye pupa ya kweli, wanaokula kwa kujificha na kushindwa kuacha hata wakishiba. Hayo ni maradhi, na yana tiba. Yakiachwa, yanaweza kuharibu matokeo ya upasuaji. Na baada ya aina fulani za upasuaji huu pombe hupanda kichwani upesi kuliko zamani. Kwa hiyo mgonjwa aonane na mwanasaikolojia kabla na baada. Lakini aonane naye ili aandaliwe, si ili atafutiwe sababu ya kufukuzwa.

Madaktari na wauguzi, mgonjwa mnene akiwajia juu, msiandike kwenye faili kwamba ni mkorofi. Muulizeni analalaje na mara ya mwisho alikula lini, kisha mpangieni tarehe ya matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote.