Shakwe asiyetambulika aandikwe hivyo hivyo

Shakwe tumezoea kumwona bandarini na penye mitumbwi ya wavuvi, si juu ya vilima vya Kasulu na Kibondo. Hata hivyo wilaya hizo ziko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, jirani na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Shakwe mgongo-mweusi wanaoanguliwa Ufini husafiri hadi Ziwa Victoria kukimbia baridi ya kwao. Kwa hiyo mtu akisema kamwona shakwe mkubwa akikatiza anga la Kibondo mwezi Desemba, asichekwe. Swali ni aandike nini. Naamini aandike alichokiona, na jina lisipopatikana, maneno “shakwe mkubwa, hakutambulika” yahesabiwe kuwa kumbukumbu halali.

Ndege aliye angani hudanganya macho. Hana mti wala paa la kumpimia, hivyo ukubwa wake hukisiwa tu, na jua likiwa nyuma yake mgongo wa kijivu huonekana mweusi. Umri nao hutatiza: shakwe mgongo-mweusi huchukua takriban miaka minne kupata rangi za utu uzima, na kabla ya hapo mabaka yake ya kahawia hufanana mno na ya jamaa zake wa kaskazini mwa Urusi, ambao nao hufika Afrika Mashariki. Kwa shakwe wadogo kuna nafuu kidogo. Shakwe kichwa-kijivu, mwenyeji wa maziwa yetu, ana kijivu kizito chini ya bawa. Kichwa-cheusi, mgeni kutoka kaskazini, ana ukingo mweupe mbele ya ncha ya bawa. Majina hayo yasimpotoshe mtu, maana nje ya msimu wa kuzaliana rangi ya kichwani hufifia.

Watakaosema kumbukumbu isiyo na jina haina kazi wanasahau kwamba jina la kubahatisha halisahihishiki: likishaingia katika orodha, hakuna ajuaye lilitokana na nini. Simu nayo haitoshi, kwani picha ya ndege wa mbali mara nyingi ni doa jeusi. Pingamizi lenye uzito ni kwamba tahadhari hii itatupotezea wageni adimu wa kweli. Lakini kinachowaokoa ni maelezo. Mtu akiandika tarehe, saa, mahali, jua lilikuwa upande gani, ncha za mabawa zilikuwaje, miguu ilikuwa na rangi gani na ndege alielekea wapi, mtaalamu anaweza kuyasoma upya miaka kumi baadaye na kutoa jina. Hili si suala la watalii peke yao. Chini ya Mkataba wa Ramsar, ardhioevu inayotegemewa na asilimia 1 ya ndege wa maji wa aina fulani hustahili kuorodheshwa kimataifa, na hesabu hiyo haiwezekani pale aina mbili zinapoandikwa kwa jina moja.