Mpira Hautambadilisha Mwanao

Msomaji, bila shaka umewahi kuyaona haya mtaani mwako. Mvulana wa miaka saba anacheza kalongolongo na dada zake, amejifunga leso, anapika ugali wa mchanga. Baba anatokea, anamnyang'anya leso na kumsukuma uwanjani akacheze kandanda na "wanaume wenzake". Majirani wanacheka. Baba anarudi nyumbani akiamini ameepusha balaa mapema.

Baba huyo si mbaya. Anahofia mwanawe atachekwa shuleni na kutengwa na ukoo, na hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa anayotumia haitibu chochote.

Kwanza, wavulana wengi wanaopenda jikoni hukua wakawa wanaume kama wengine. Waulize wapishi wa hoteli zetu. Wachache, hata hivyo, hujijua tangu utotoni kuwa ni wanawake ingawa maumbile yao ni ya kiume, na hao hawageuzwi na mazoezi. Caitlyn Jenner wa Marekani, wakati huo akitumia jina la kiume, alishinda dhahabu ya dekathloni katika Olimpiki ya Montreal mwaka wa 1976. Mwaka wa 2015, akiwa na umri wa miaka 65, alitangaza kwamba yeye ni mwanamke. Naye mwandishi Jan Morris wa Uingereza alitumika jeshini, kisha mwaka wa 1953 akapanda sehemu ya Mlima Everest na msafara wa akina Edmund Hillary. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1974 alieleza kuwa alijijua akiwa na miaka mitatu au minne hivi. Jeshi na Everest vilishindwa, nawe unategemea mpira wa makaratasi?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Oktoba 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha KCSE cha Audrey Mbugua, Mkenya aliyefanya mtihani huo kwa jina la kiume.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, liliiondoa hali hii miongoni mwa magonjwa ya akili. Kinachomdhuru mtoto ni kudhihakiwa, kuchapwa na kufukuzwa nyumbani. Hujifunza kujificha, na anayejificha kwa baba yake hana wa kumweleza atakapolemewa na huzuni, au hata mawazo ya kujiua.

Jumamosi hii, kabla hujamtuma uwanjani, muulize anataka kucheza nini. Akitaja kandanda, mnunulie viatu. Akitaja kuruka kamba, mwache aruke. Ukiona hali vizuri, halali au amekuwa mnyonge, mpeleke kwa daktari au mshauri, na umweleze pia yale ambayo mtoto amekuwa akifanyiwa nyumbani, si yale anayocheza tu.