Mhitimu wa Kiswahili na Ajira za Nakuru

Mhitimu wa Kiswahili katika Bonde la Ufa bado huiona shule kuwa mwajiri wake wa pekee. Ilhali sura ya ajira Nakuru imebadilika mno. Pareto, iliyolipa eneo hili sifa duniani, ilidorora. Kiwanda cha betri cha Eveready kikafungwa mwaka 2014. Penye kazi nyingi leo ni mashamba ya maua ya Naivasha, na kando yake mitambo ya mvuke ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981.

Mwanalugha ana nafasi gani huko? Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chataka mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Mweleza akiwa msimamizi, naye ana haraka ya saini, mchuma maua atajuaje kama ameajiriwa kwa msimu au kwa kudumu? Likizo yake ya uzazi na haki yake ya kupewa notisi zimo katika maneno hayo machache.

Hapa pana kazi ya mfasiri, tena ya kulipwa. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kimo katika kaunti iyo hiyo. Wanafunzi wa tafsiri wanaopewa hadithi fupi kila muhula wapewe pia mkataba wa kibarua na maelezo ya dawa za kunyunyizia maua, kisha tafsiri zao zisomewe wachumaji wenyewe kabla ya kutiwa alama.